Wategemezi Wanne

Muscat, Oman
Jumapili jioni

Kaka Ewoi,

Diploma yangu niliipoteza Lodwar, mwezi wa kumi na moja, miaka minne iliyopita, siku ya Jumamosi, kati ya saa tano na saa tano na dakika moja asubuhi, jina lako liliposomwa peke yake. Haikuibwa wala haikuungua. Ilipotea mbele ya watu waliovaa majoho, mama akipiga vigelegele, na mimi nimesimama kwa miguu yangu miwili.

Maneno hayo nilimsomea Bi Zuwena, akaweka kikombe chini. Huyu Bi Zuwena ndiye mwenye nyumba ninamopanga chumba, Mwomani aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili changu anasema kina changarawe, kila siku anakichekecha. "Akai, mwanangu," akaniambia, "unaanza ugomvi hata hujamwamkia mtu? Umelelewa na nani wewe?" Nikaona aibu kwa niaba ya mama. Basi nianze tena, ila ule mstari wa kwanza siufuti.

Ejok, kaka. Mu wazima hapo nyumbani? Goti la mama linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyompa yule msichana wa Kalokol aliporudi, ilifika? Mtoto ameshaota meno? Nasikia mvua imenyesha huko juu na mto Kawalase umeshuka na maji, mkashinda siku nzima upande mmoja wa mji bila kuvuka. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Mwambie mama kwamba sijakonda, ila uso umekuwa mrefu kwa sababu ya kusuka nywele kwa nyuma.

Barua hii nimeiandika kwa mkono, na nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikutumie. Ningeweza kutuma sauti. Lakini mwezi uliopita nilikutumia sauti tatu, ya kwanza ukasema mtandao ulikatika, ya pili ukasema mtoto alikuwa analia, ya tatu hukusema kitu. Karatasi haikatiki.

Kazi yangu ni ileile ya ghala la vifaa vya hospitali. Nilianza kwa kupiga deki, unajua. Mwezi wa tatu nikiwa napiga deki nikaona rafu ya glovu imeandikwa katoni mia mbili na kumi, na macho yangu yanaona mia moja themanini na sita. Nikamwambia msimamizi. Akahesabu mara mbili, akaniangalia, akahesabu tena. Tangu siku hiyo deki anapiga mtu mwingine. Sasa nahesabu njia nne nzima za rafu, na hakuna aliyenifundisha hapa. Nilifundishwa Kakuma, nyuma ya kontena, na wewe ulikuwepo.

Jioni nikitoka kazini naona majabali ya hapa, meusi, makavu, hayana hata kichaka, nami kwa nukta moja nadhani niko Lodwar, nadhani nikizunguka kona hii nitaona mama mmoja amekaa na vikapu vyake vya ukindu. Halafu linapita gari la kifahari na ndoto inaisha. Mitende iko kila mahali, na tende nimekula mpaka basi. Ni tamu mno, tamu ya bure. Meno yangu yanataka koma, lile tunda gumu unaloliguguna nusu saa kabla halijakupa utamu. Hapa nimeuliza sokoni, nikaulizwa kama ni dawa.

Sasa habari yenyewe. Wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu na mwanamke anayeitwa Dakta Kerubo. Ni mhadhiri katika chuo kikuu kilekile kilichotoa diploma yako, na anafanya utafiti kuhusu kufundisha na kujifunza kwa njia ya mtandao katika vyuo: nani anaanza, nani anamaliza, nani anapotelea njiani na kwa nini. Alikuwa amefika Kakuma, kwenye kile kituo chetu cha masomo kambini, akakutana na Nyibol. Nyibol bado anafundisha shule ya msingi mle kambini, bado ni mwalimu asiye na karatasi, bado anapokea nusu ya anachopokea mwenye karatasi. Akamwambia mtafiti, "Mimi pia nilisoma hiyo diploma." Mtafiti akatafuta jina lake kwenye orodha. Halikuwemo. Nyibol akampa namba yangu: "Uliza Akai. Yeye iko na hesabu yote."

Tuliongea kwa video, Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Uliacha masomo kwa sababu gani? Karo, mtandao, familia, au sababu nyingine?"

"Sikuacha," nikamwambia.

"Lakini jina lako halimo kabisa kati ya walioanza."

"Najua. Wala sikuanza, wala sikuacha. Nilimaliza."

Nikamwambia afungue faili la Ewoi wa Kakuma. Akalifungua, uso wake ukachangamka. Akasema huyo anamfahamu vizuri, amemweka katika utafiti wake kama mfano: mwanamume anayesoma kwa simu, kutoka mahali penye joto na mtandao hafifu, ambaye hakukosa hata kazi moja ya kuandika, na huku ana watoto wanne wa kulea. "Hapa kaandika mwenyewe," akasema. "Wategemezi wanne."

Kaka, nilicheka mpaka Bi Zuwena akagonga mlango kuuliza kama nimepata habari mbaya. Mwaka ule hukuwa hata na mchumba. Nikamwambia Dakta, "Hao watoto wanne ni sisi. Mmoja wao unaongea naye."

Nilimweleza kila kitu, na nilipokuwa nikieleza niliona kama niko kulekule. Nataka nawe ukumbuke, kwa hiyo nitakuandikia kama nilivyomwambia.

Ilikuwa saa saba mchana, saa ile walinzi wa kituo wanakula na mtandao unakuwa mwepesi. Sisi watano tumejibana kwenye kivuli cha kontena, kivuli cha upana wa mkeka. Wewe umekalia ekicholong yako, kile kigoda ulichokuwa hukiachi hata ukienda kanisani. Simu moja, yako. Kitambulisho kimoja, chako. Changu kilikuwa hakijatoka, na Eregae, binamu yetu aliyekuja kutoka Lowarengak na ndoo ya samaki wakavu akasahau kurudi, hakuwahi hata kuomba. Nyibol wa Sudan Kusini na Baraka wa Kongo walikuwa na karatasi za ukimbizi ambazo fomu ilizikataa mara tatu. Na fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja tu.

"Basi inakuwaje?" ukauliza.

Nyibol akacheka. Alikulia kwenye foleni za mgao tangu ana miaka minane. "Nyinyi watu ya Turkana munasumbuka bure," akasema. "Kadi ya chakula kwetu iko na jina ya mama peke yake. Lakini mahindi ni ya watu saba. Wanaandika jina moja, halafu wanaandika saizi."

"Saizi ndiyo nini?" Eregae akauliza.

"Watu iko ngapi kwa nyumba."

Hata sisi wenyeji tulilijua hilo. Kadi ya mama ya msaada wa ukame ilikuwa vivyo hivyo: jina lake juu, na sisi sote chini yake kama tarakimu. Hakuna aliyeona ajabu. Baraka akainamia skrini, akaweka kidole. "Angalia pale chini. Banauliza wategemezi wako wangapi."

"Si ndiyo hiyo saizi," Nyibol akasema.

Nawe ukaanza kuandika tano. Hapo mimi, niliyejiona mjuzi wa hesabu, nikakushika mkono: "Usiandike tano. Wewe umeshahesabiwa pale juu. Andika nne." Hiyo nne ni yangu, kaka. Kosa hilo sikutupii wewe. Kwa miaka miwili mizima niliamini kwamba huko chuoni kuna mtu anajua tuko watano, kwa sababu niliwapa hesabu sahihi.

Dakta alipolisikia hilo aliweka kalamu chini. Akaniuliza tulijifunzaje. Nikamwambia habari ya sufuria.

Unaikumbuka sufuria ya mama, ile iliyopasuka mpini? Tuliweka simu ndani yake ili sauti itoke kubwa, na mhadhiri wa Nairobi akawa anaongea kama mtu aliyetumbukia kisimani. Kila Alhamisi, Alhamisi sitini. Simu ikipata joto ilijizima yenyewe, Nyibol akaifunga kwa kitenge alicholowesha, tukakaa kimya kuisubiri ipoe kama tunamsubiri mgonjwa afumbue macho. Bando la kurudia mhadhara hatukuwa nalo. Lakini tulikuwa na Eregae. Mtu ambaye mbuzi mia wakipita mbele yake bila kuwahesabu anakuambia aliyekosekana ni yule mweupe mwenye doa la sikio, mtu huyo mhadhara wa saa moja si kitu kwake. Baraka alimwambia, "Rudisha kidogo, pale alisema juu ya sampuli," Eregae akafumba macho akarudisha, neno kwa neno, mpaka na kikohozi cha mhadhiri.

"Kikohozi acha," ulimwambia.

"Kikohozi kiko kati ya sampuli ya nasibu na sampuli ya makundi," akakujibu. "Nikikiacha, napotea."

Na siku ile mto Tarach ulipojaa, Baraka akakwama ng'ambo? Eregae alisimama ukingoni akampigia kelele nusu ya somo la takwimu juu ya maji, na Baraka upande wa pili ameinamisha daftari lisilowe, anajibu, "Ngoja! Ngoja! Wastani nimeandika, sasa mkengeuko!" Akina mama waliokuwa wakisubiri kuvuka waliuliza kama kuna aliyezama.

Halafu yule mhadhiri akakuandikia, "Ewoi, wiki hii umeandika kama mtu mwingine kabisa." Nyibol alianguka kwenye mchanga kwa kicheko. "Huyo mtu mwingine ni mimi!" Nawe ulicheka, kaka. Ulicheka ukapiga mapaja. Sijakuona ukicheka vile tena.

Nimesoma na watu wengine tangu hapo. Hapa kazini tulipewa mafunzo ya usalama kwa kompyuta, kila mtu na skrini yake na vifaa vyake vya masikioni, chumba kina baridi, hakuna anayemjua jirani yake. Nilipata alama zote. Nilipotoka sikuweza kumwambia mtu chochote nilichosikia, kwa sababu hakuna aliyekuwepo kuniuliza nirudishe.

Dakta alisema, "Hili halimo kwenye fomu yangu." Akaniambia mfumo wao unahesabu anayeingia, anayebofya, anayemaliza. Kwa hesabu yao, Kakuma aliingia mmoja, akamaliza mmoja: asilimia mia. Nikamwambia mimi ninahesabu hivi: walisoma watano, akatunukiwa mmoja: asilimia ishirini. Jumla ya kazi za kuandika ni arobaini na nane, na daftari langu ninalo. Mimi kumi na saba. Nyibol kumi na mbili. Baraka tisa. Wewe saba. Eregae tatu, na hizo tatu alizisema kwa mdomo sisi tukaandika. Jumlisha mwenyewe. Simu ilikuwa yako na kitambulisho kilikuwa chako, na hilo silihesabu kama sifuri. Lakini saba ni saba.

Mtihani wa mwisho uliufanya wewe, nao uliufaulu mwenyewe, siwezi kukunyima. Wakati ule hatukuona ubaya. Anayekwenda kupokea mgao ni mmoja, wanaokula ni nyumba. Tulipanda sote lori lililokuwa linarudi Lodwar tupu, mimi nakuuliza fomula juu ya kelele za injini, na Nyibol na Baraka wamebeba vibali vya kutoka kambini ambavyo kwenye sababu ya safari vimeandikwa: mtihani. Nyibol kibali chake anacho mpaka leo. Kwa siku mbili tulikaa nje ya chumba kile, wanne, tunaguguna koma. Ulipotoka tulikuuliza swali moja moja, tukalijibu wenyewe hapo mchangani, tukajipa alama. Baraka alipata sitini na nane. Alibisha akataka sabini.

Na sasa nifike pale nilipoanzia. Siku ya mahafali tulikuja sote. Nyibol alipiga pasi gauni lake kwa pasi ya makaa nyumbani kwa shangazi. Ulikuwa umetuambia tukae safu moja. Jina lako lilipoitwa, tulisimama watano. Tulidhani ndivyo inavyokuwa. Kijana wa itifaki akaja mbio ameinama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, kaeni. Ni mmoja tu." Nikamwambia, "Angalia kwenye karatasi yako, tuko watano, imeandikwa." Akaangalia karatasi, kweli aliangalia, maskini, akasema, "Hapa kuna jina moja." Mwita majina alikuwa ameshapita kwa mwingine. Eregae ndiye aliyekaa mwisho. Alibaki amesimama, anatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza mnyama. Jioni ile alianza safari ya Lowarengak, na wewe unajua kwamba hakugusa kitabu tena.

Uliteremka jukwaani ukamvisha mama ile kofia. Kisha ukaja kwetu ukasema, "Tutarekebisha." Nilikuamini. Mwaka wa kwanza nilikuamini kabisa, wa pili nusu, wa tatu nilipanda ndege.

Sasa sikiliza hili, na ulisikilize ukiwa umekaa. Dakta alinisomea kitu kutoka kwenye faili. Katika kipindi cha kwanza tu cha masomo, chuo kilituma ujumbe kwenye akaunti yetu. Kiliona mtindo wa kuandika unabadilika. Kikauliza: je, akaunti hii inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja? Kama ndiyo, wengine waandikishwe mwezi huohuo, hata kwa karatasi za ukimbizi, kuna njia. Ujumbe huo ulijibiwa saa mbili asubuhi. Jibu lilikuwa neno moja: Hapana.

Saa mbili asubuhi hatukuwa pamoja. Saa mbili mimi nilikuwa kisimani, Nyibol darasani, Baraka anashona viatu. Simu ilikuwa kwako.

Nimelifikiria jambo hili wiki tatu. Nikiwa nahesabu katoni linanijia, napoteza hesabu, mimi. Inawezekana uliogopa. Inawezekana uliona wakitujua watatufukuza sote, ukaamua bora tuendelee kimya. Mwaka ule ulikuwa unatulisha sisi na mama, na woga wa mtu anayelisha wengine naujua. Kama ndivyo, niambie ndivyo, nami nitakuelewa kwa ule mwezi. Lakini baada ya mwezi ule kulikuwa na miezi mingine. Ulituacha tuandike, tupande lori, tupige pasi magauni. Ulitupanga safu moja ukijua.

Mama ananiambia sasa wewe ndiye mratibu wa wanafunzi wa mtandaoni katika chuo kimoja hapo Lodwar, na wanakuheshimu. Kwamba unapita darasani unawaambia, "Kila mtu na akaunti yake, kila mtu na jina lake." Sikuchukia kusikia. Nilijiuliza tu unalisema ukimtazama nani.

Sasa mambo yamefika hivi. Dakta Kerubo amepeleka suala letu kwenye kamati ya chuo. Wamekubali kwamba sisi wanne tunaweza kupewa mtihani wa mdomo, masomo yote, kwa video. Anayefaulu anapewa diploma kwa jina lake na anaingia shahada mwaka wa tatu. Eregae naye amekubali; nilimpata kwa simu ya mwenye duka la Lowarengak, akaanza kunisomea kwa kichwa somo la kwanza la kipindi cha kwanza. Sharti ni moja. Mwenye akaunti atie saini karatasi ya ukurasa mmoja inayosema kwamba watu watano walisoma kwa akaunti yake, na awataje. Bila saini hiyo, maneno yetu ni maneno ya watu ambao hawakuwahi kuandikishwa. Vibali, daftari langu, maelezo ya yule kijana wa itifaki, vyote Dakta kaviona, akasema ni vizuri lakini havitoshi.

Nilimuuliza ukisaini itakuwaje kwako. Sikufichi kitu. Alisema si yeye anayeamua. Wanaweza kukurudisha nawe kwenye mtihani wa mdomo. Wanaweza kukuandikia onyo. Kazini kwako wanaweza kuuliza maswali, hasa kuhusu ile "Hapana." Kunyang'anywa kabisa, alisema hadhani, lakini hakuapa. Kwa hiyo ninajua ninachokuomba. Ninakuomba usimame useme ulidanganya, ukiwa na mke na mtoto na watu wanaokuita mwalimu. Nimepima. Upande mmoja wewe na hofu yako, upande wa pili watu wanne na miaka sita. Mimi naona mizani inalala wapi, lakini mkono wa kusaini ni wako.

Na kama hutasaini, sitakuja na kelele. Sitamwambia mama, akijua, ajue kwako. Nimeshajaza nusu ya fomu nyingine, ya kuanza mwaka wa kwanza upya, peke yangu, kwa jina langu, nikiwa hapahapa Muscat baada ya kazi. Miaka minne. Ninaweza. Nyibol hawezi, ana watoto watatu na zamu mbili. Baraka amesema yeye hataanza tena kitu. Fomu hiyo inafungwa Jumamosi, na ya kamati inafungwa Ijumaa. Ndiyo maana siwezi kusubiri mpaka utakapopata nafasi ya kufikiri. Nafasi umekuwa nayo.

Nisalimie mama, umwambie alale na goti juu ya mto, asione haya kuomba kunyanyuliwa. Nisalimie wifi yangu Apua. Ile rangi ya shanga aliyoagiza nimeipata, ya bluu iliyokolea, si ile ya maji. Mbusu mpwa wangu Lokiru kwenye unyayo. Msalimie shangazi Nakwawi aliyetulaza wote watano chumba kimoja bila kuuliza ni akina nani. Ukimpigia Eregae, ongea naye kuhusu samaki kwanza.

Karatasi ya kusaini nimeituma pamoja na picha hizi, ni ya mwisho. Majina manne nimeshayaandika, nafasi ya tano iko wazi kwa ajili ya saini yako. Utaisaini au hutaisaini? Nataka jibu lako wewe, si la wifi, si la mama, kwa neno moja, ndiyo au hapana, kabla ya Ijumaa hii saa kumi jioni, saa za Lodwar.

Mdogo wako,
Akai